Jino la Nne

Wazee wa pande nyingi husema kirukanjia, yule mnyama mdogo kuliko panya mwenye pua iliyochongoka, hawezi kuvuka njia ya watu akabaki hai. Sasa aliyeshindwa na njia angevukaje bahari? Swali hilo ndilo lililomnyima raha Dakta Jelimo, Mkenya wa chuo kikuu kimoja cha Johannesburg, mwaka wa 2017.

Alikuwa ametumiwa pakiti mbili za matonge ya bundi, kubwa na ndogo, kutoka kisiwa kimoja cha Mediterania. Bundi humeza windo lake zima, kisha hutapika manyoya na mifupa kwa tonge moja kavu; ukilichambua, unajua nani anaishi wapi. Virukanjia wa kisiwa kile walijulikana wote kuwa na vijino vitatu nyuma ya jino la mbele. Jelimo alimwaga pakiti kubwa kwenye sinia, na humo akapata taya lenye vinne. Mnyama wa aina hiyo hakuwahi kuandikwa huko. Alifurahi hata akasahau kula, na barua ya kuwatangazia watu wa kisiwani ilikuwa iende siku hiyo hiyo.

Papa Lambert, mlinzi wa jengo, Mkongo wa Kalemie, akaingia na funguo zake.

"Docteur, yale yangu yalikusaidia?"

"Yapi, Papa Lambert?"

"Nilitiaka matonge mbili mu sinia yako. Kuko bundi mu paa ya kanisa yetu, kule Bertrams. Nikasema nikupatie matabishi, sababu nakuona unahangaika."

Kwao muuzaji mwema hakupimii unga asikutupie konzi moja ya juu; hiyo ndiyo matabishi. Basi mwema wetu alipanda paa ambalo waumini wenzake walilikwepa kwa kuogopa mikosi ya ndege yule, akavuruga kazi ya miezi minne kwa roho safi kabisa. Maana hata Johannesburg wapo virukanjia wa vijino vinne. Taya lile lilikuwa la kisiwani au la mtaani Bertrams? Jelimo aliumia, na hata kumgombeza alishindwa.

Akiba haiozi. Pakiti ndogo ilikuwa bado imefungwa kwa gundi yake, haikuguswa na mtu. Aliiweka kwa ajili ya siku ambayo mtu angemtilia shaka. Hakudhani mtu huyo angekuwa yeye mwenyewe. Ndani mlikuwa na tonge moja tu. Akalilowesha, akalichambua polepole, Lambert amesimama kando, kofia mkononi. Manyoya. Miguu ya panzi. Kisha taya lisilozidi punje ya mchele.

Akahesabu kwenye darubini. Vitatu. Akarudia, machozi yakamlenga.

"Hebu hesabu wewe," akasema. "Mimi siyaamini tena macho yangu."

Lambert akainama kwenye darubini, akafinya jicho moja. Jelimo alikwisha kuifungua barua kwenye kompyuta, akaanza kuufuta mstari wa kwanza.

"Ngoja kwanza, Docteur. Moja, mbili, tatu. Na haka kadogo kanajificha nyuma, hakana hesabu?"

Jelimo akamsogeza pembeni bila hata kumwomba radhi. Akaligeuza taya kidogo kwa ncha ya sindano. Kweli kalikuwepo, kadogo mno, kamebanwa nyuma ya wenzake.

Akarudi kwenye barua na kuurudisha mstari alioufuta. Chini ya jina lake akaacha nafasi.

"Papa Lambert," akauliza, "jina lako la ukoo linaandikwaje?"