Kiti Kisicho na Kura

Kiti cha Mwalimu kilikuwa bado mezani asubuhi ile, na Mkurugenzi hakuthubutu kukitazama.

Shirika lao la kupima milima ya volkano lilipangwa kama ghorofa. Juu lilikaa Baraza: kila nchi mwanachama na kiti chake, na kura yake moja, iwe kubwa au ndogo. Kamati ya wanasayansi ilishauri. Mkurugenzi alitekeleza, na vikaoni aliketi pembeni, karibu na ukuta, bila kura. Alipochaguliwa, nyumbani walipiga vigelegele wakidhani ameshika mpini. Kumbe mpini ulikuwa wa Baraza, yeye ni jembe tu.

Na leo Baraza lilitaka kuitoa shirikani nchi ya Mkurugenzi mwenyewe. Serikali ilikuwa imeficha vipimo vya mlima wa mpakani, na mlima ulipolipuka, majirani walikufa bila kuonywa. Mwakilishi wa nchi hiyo alikuwa Mwalimu, mzee aliyemfundisha kazi tangu hajui kushika kipimo.

Mkurugenzi alimkuta nje ya ukumbi.

"Shikamoo, Mwalimu. Serikali imekuagiza useme nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nikane. Niseme mitambo ilikuwa mibovu."

"Basi kana! Ukikaidi, utarudi vipi nyumbani?"

Mzee alimtazama kwa upole. "Kukana vipimo nilikufundisha lini?"

Aibu ilimshika Mkurugenzi, akamfungulia mlango wa ukumbi.

Mwenyekiti alipoita kura, mikono ilipanda kwa kusitasita. Ulipungua mmoja tu ili hoja ya kuitoa nchi ipite. Ndipo Mwalimu akainua wake.

"Mzee, unakubali nchi yako itolewe?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nakubali. Vipimo tulikuwa navyo. Niliviona, nikanyamaza nilipoambiwa ninyamaze."

Mkurugenzi alimwonea fahari, na papo hapo akamhofia, kwani maji yalikwisha kumwagika. Mzee alikunja miwani yake, akasimama kutoka kwenye kiti kisicho chake tena, akawa kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Katika ghorofa lile lote, jambo moja Mkurugenzi aliweza kulifanya bila kumwomba mtu ruhusa: kualika mtaalamu mgeni. Alivuta kiti kilichokuwa kando yake.

"Karibu huku, Mwalimu. Huku kwetu hakuna kura."

"Na kazi je?"

"Mlima bado unafuka moshi."

Mzee aliketi taratibu, akaikunjua miwani yake, akaivaa.