Fimbo Zilizosuguliwa

Karatasi ya kupimia maji iligeuka rangi ya waridi iliyokolea. Gwantwa hakuamini, akachovya ya pili. Nayo ikawa vilevile.

Ilikuwa miezi minane sasa analinda tangi la machinjio yale, nje kidogo ya Tunduma. Maji yaliyooshea ng'ombe yalitoka bwawani na sumu iitwayo naitreti, yakaingia tangini kwenye fimbo za kaboni zilizopitishwa umeme mdogo wa sola. Vijidudu vilivyoganda kwenye fimbo vilikula umeme huo na kuigeuza sumu kuwa hewa isiyodhuru. Huko chini, mtaro wa kutoka tangini ulipita ubavuni mwa kisima cha jirani, Lusubilo. Mtoto wa Lusubilo, wa miezi miwili, alilelewa kwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima hicho, na naitreti humkosesha mtoto mchanga hewa mwilini mpaka midomo inakuwa ya bluu.

Gwantwa akakagua nyaya. Nzima. Akainua kifuniko. Fimbo zilikuwa safi kama sufuria za harusi.

"Umeziona, shoga?" Ketrina mfagiaji alijipangusa mikono kwenye kitenge. "Tangu alfajiri nasugua. Mpimaji anakuja saa nne, atukute na mlenda kwenye fimbo?"

"Ketrina, ule mlenda ndio vijidudu wenyewe."

Ketrina akacheka. Alipoona uso wa mwenzake, kicheko kikamkauka. "Nimeumwaga mgombani. Na sabuni yake."

"Kimbia kwa Lusubilo. Asimpe mtoto yale maji!"

Ketrina akachomoka peku. Gwantwa akazungusha koki ya kutolea maji mpaka ikagoma.

Bwawa likaanza kupanda. Eliakim, msimamizi, akaja mbio, nyuma yake Masumbuko, mfugaji wa Momba mwenye ng'ombe kumi na wawili kwenye foleni.

"Nani kafunga?"

Gwantwa akaeleza. Eliakim akashusha sauti. "Binti yangu, changanya na maji ya bomba. Karatasi itapauka. Mpimaji akishaondoka tutajua la kufanya."

"Akishaondoka maji yataenda wapi, baba?"

"Huyu ana digrii ya maji machafu?" Masumbuko akauliza.

"Darasa la saba," Gwantwa akajibu. "Linatosha kufunga koki."

Gari likasimama getini. Eliakim akanyoosha mkono kwenye koki. Gwantwa akaikalia. Chuma kilikuwa cha baridi, lakini hakunyanyuka.

"Shikamoo, mama," akamwambia mpimaji, mwanamke mnene aitwaye Getruda. "Vijidudu vimekufa leo asubuhi. Maji ya alfajiri yameshatoka."

Getruda akachovya karatasi, nayo ikawa waridi. "Hakuna kuchinja mpaka irudi nyeupe. Wiki mbili, labda tatu."

Masumbuko akatema mate, akaenda kugeuza ng'ombe wake. Gwantwa hakumtazama yeye wala Eliakim, macho yake yalikuwa kwenye njia ya kisimani.

Ketrina akatokea akihema, kitenge kimelowa maziwa.

"Alikuwa ameshayakoroga, chupa iko mdomoni mwa mtoto. Nimemnyang'anya. Kanitukana kwa Kindali, matusi yote ya lugha ya kwao."

"Amekunywa?"

"Funda moja. Analia kwa nguvu."

"Midomo?"

"Myekundu, dada. Myekundu."

Ndipo Gwantwa akanyanyuka kwenye koki.