Nyumba ya Mwisho Kujibu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Tangu tulipovuka mpaka kutoka Kongo kuja Rwanda ile Januari ya risasi, mimi na mjukuu wangu Belise, na sufuria moja kichwani, kila mfuniko jikoni kwangu hapa Mbugangari, mjini Gisenyi, naulaza juu ya kitambaa ili usilie. Majirani wananicheka. Wacheke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyo nyoka wangu wao hawakumwona.

Niwaeleze kwanza, maana bila hili hamtaelewa lililotupata shuleni. Kule Goma, katika mtaa wetu, usiku wezi walikuja na bunduki, na hapakuwa na wa kumpigia simu. Tulikuwa na masufuria. Aliyewasikia kwanza aligonga sufuria na kupuliza filimbi, jirani akadaka, na jirani wa jirani, mpaka mtaa mzima ukawa kelele tupu. Mwizi hapendi kelele. Wakishaondoka, mtaa ulijibu: nyumba moja moja, taratibu, kuanzia juu mpaka chini, kila nyumba kwa mpigo wake, ili ijulikane kwamba humo ndani wako hai. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, pale kwenye ukuta wa mawe ya volkano. Mpigo wangu ulikuwa mara mbili, kimya kidogo, kisha mara moja. Baada ya hapo watu walilala.

Halafu usiku mmoja jirani yetu Hakizimana alikuwa wa kwanza kugonga, na wale watu wakaenda moja kwa moja mlangoni kwake. Tulimzika kesho yake. Belise aliniuliza kwa nini yeye, nikamwambia ukweli: kwa sababu alikuwa wa kwanza. Kuanzia siku hiyo nikamfundisha. Ukisikia masufuria usingoje mtu mzima. Shika wadogo walio karibu nawe, ingia mahali pasipo dirisha, nyamaza. Wakikuita kwa jina, nyamaza. Hata ukisikia sauti yangu, nyamaza, maana huenda nimeshikiwa bunduki shingoni. Toka tu ukisikia mtaa umejibu, na sufuria yetu ikajibu mwisho.

Nani angejua kwamba somo hilo litavuka mpaka pamoja nasi?

Mwalimu wake hapa anaitwa Jolly. Wazazi wake walimzalia Uganda, kwa hiyo anapenda kuitwa Ticha, nami namwita Madame kwa mazoea ya Kongo, na kila mara anakunja uso. Yeye ndiye aliyetoa wazo la sherehe ya kufunga muhula. Kila familia ilete kitu cha kule ilikoishi kabla ya kufika Gisenyi: chakula, wimbo, vazi, mchezo. Mwishoni, kwa desturi ya Kinyarwanda, wazee wawanyweshe watoto maziwa. Wazo zuri, sikatai. Mji wetu huu ukiupepeta, utakuta makapi ya kila nchi jirani. Mimi nikasema nitaleta sombe, nikaipika katika sufuria ileile niliyovuka nayo, kwa sababu majani ya muhogo hayanogi katika sufuria ngeni.

Siku yenyewe uwanja ulipendeza. Hema, viti, meza yenye kitambaa cheupe, madebe ya maziwa yaliyofunikwa. Watoto wa chekechea waliketi mbele kabisa juu ya mkeka, viatu vimepangwa pembeni, wakingoja maziwa. Belise alikaa nyuma yao, benchi la darasa la tatu. Nilimpungia mwiko, naye akaficha uso kwa aibu.

Hapo ndipo Gatete alipotuletea mshangao wake. Gatete ni polisi, baba wa Sano, kale kadogo kuliko wote pale mkekani. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Huko kwao, bibi harusi alipokaribia nyumbani kwa mumewe, vijana walimpokea kwa masufuria na filimbi. Basi akawakusanya vijana nyuma ya madarasa bila kumwambia mtu yeyote. Ukishatangaza, alituambia baadaye, mshangao uko wapi?

Nilikuwa nampakulia mtu sombe. Nikasikia filimbi, kisha sufuria ya kwanza, kisha zote.

Sikumbuki kuinama. Nakumbuka tu nikiwa chini ya meza, mikono kichwani, meno yanagongana, na karibu yangu yuko mama mwingine wa Goma, sahani bado mkononi. Juu yetu watu walicheka na kupiga makofi. Nilipochungulia nikamwona Gatete anacheza, jasho linamtoka, anagonga sufuria kwa kijiko. Nikatoka nikijipangusa, nina hasira, nimeaibika. Nikatazama benchi la darasa la tatu.

Belise hakuwepo.

Nikatazama mkekani. Mkeka ulikuwa mtupu. Viatu vidogo vilikuwa vimebaki palepale.

"Madame," nikasema. "Madame! Batoto iko wapi?"

Jolly aligeuka akiwa bado anacheka, na nikauona ule mcheko unavyomwisha usoni. Akapiga kelele, masufuria yakanyamaza. Mama mmoja akaanza kulia kabla hata hajajua analilia nini. Tukakimbilia vyooni, madarasani, kwenye tangi la maji, na pale penye tangi sikuweza kuchungulia, nikafumba macho mpaka mtu aliposema hakuna. Gatete alifungua kila mlango, hata stoo ya kuni nyuma ya jiko, akaona kuni tupu. Tukakimbilia lango. Lilikuwa wazi. Mlinzi, mzee Bizumuremyi, alikuwa ameliacha ili aje aone ngoma.

Ukitoka pale langoni na kushuka barabara, unafika Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma. Malori, pikipiki, wapagazi, watu wanaingia na kutoka na mizigo vichwani. Mtoto akimezwa na umati ule, utamuulizia kwa nani? Nikaushika ukuta. Akilini nilimwona Belise ng'ambo ile, amerudi Goma, ameshika wadogo mikono, anatafuta ukuta wa mawe ya volkano.

Gatete akanijia. Hakuwa tena yule mcheza ngoma.

"Mama, kuna aliyemwona mjukuu wako akiwavuta watoto mikono. Amewapeleka wapi?"

"Mi sijue, Afande."

"Utakosaje kujua? Umemlea wewe. Mwanangu ana miaka minne, hata viatu hana miguuni!"

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema, "Hawa wa Goma bwana..." ikaishia hapo.

"Malizia," nikamwambia. "Malizia basi, tusikie yote." Akarudi nyuma ya wenzake. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu tupu, maana nami nilikuwa najiuliza swali lile la Gatete.

Jolly alishika kipaza sauti. "Belise! Please, Belise, ngwino hano, njoo, hakuna kitu kibaya!" Akaita kwa lugha zote tatu alizonazo. Wazazi wakaita. Mwalimu mkuu akaita. Mimi nikakipokea kipaza sauti nikaita, "Belise! Belise, mutoto wangu, toka!" Kadiri tulivyoita ndivyo uwanja ulivyozidi kuwa mtupu.

Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe ndani ya kipaza sauti, imepasuka, inatetemeka. Sauti ya mtu aliyeshikiwa bunduki shingoni.

Ee Mungu wangu. Mtoto hakupotea. Mtoto alitii.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Muache kumuita! Tunamuogopesha zaidi! Mi ndiye nilimufundisha." Nikawaeleza, maneno yakigongana mdomoni: masufuria, wezi, kifo cha Hakizimana, wadogo, mahali pasipo dirisha, jina lisiloitikiwa, sufuria yetu inayojibu mwisho. Gatete alikitazama kijiko kilichokuwa bado mkononi mwake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemfukuza," akasema polepole. "Tufanye nini, Mama?"

"Mutaa ijibu."

Hawakungoja nimalize. Vijana wake wakayarukia masufuria wakaanza kugonga yote kwa pamoja.

"Hapana! Si harusi hii! Moja moja! Kila nyumba na mupigo yake, na mwenzako anyamaze akusikie!"

Wakajipanga. Gatete akawa wa kwanza. Akagonga mara tatu, mwanamume mzima, machozi yanamdondoka kwenye sufuria. Jolly akaligonga rimu la gari linalotumika kama kengele ya shule. Mama mmoja wa mtaa wa Nengo, mfanyakazi wa ofisini, alivua viatu vyake virefu akagonga debe la maziwa kwa kisigino. Mzee Bizumuremyi akaligonga lango lake kwa fimbo. Mpishi wa shule akabaki amesimama, mfuniko mkononi.

"Mimi sijawahi kuishi popote," akasema. "Nimezaliwa hapahapa."

"We uko na nyumba?"

"Ninayo."

"Gonga basi!"

Akagonga. Wakaendelea, mmoja baada ya mmoja, wa Uganda, wa Tanzania, wa Kongo, wa hapahapa, mpaka waliokuwa na vikombe na funguo tu. Hata yule mwanamke wa "hawa wa Goma" aligonga, kwa pete yake kwenye mguu wa kiti, kidogo sana, lakini aligonga. Kisha pakawa kimya. Tulisikia pikipiki barabarani na kitambaa cha hema kikipigwa na upepo.

Hakuna aliyetoka.

Gatete akanigeukia. Safari hii hakuwa na hasira. "Mama, umesema nyumba ya mwisho ni yenu."

Nilijua. Nilijua tangu alipogonga wa kwanza. Nilikuwa naomba kimoyomoyo mtoto atoke kabla zamu haijanifikia, kwa sababu tangu kifo cha Hakizimana mkono wangu haujagonga sufuria. Mchana kweupe, polisi amesimama mbele yangu, na bado mgongo ulikuwa umeniganda ukingoja mlango upigwe teke. Hofu haina akili. Ukiiambia hapa ni Gisenyi, inakuuliza Gisenyi na Goma kuna nini katikati?

Sufuria yangu ilikuwa mezani, imejaa sombe. Nikaishika masikio nikaipindua juu ya kitambaa cheupe, mbele ya mwalimu mkuu na wageni wake. Mafuta ya mawese yakatambaa mpaka kwenye shada la maua. Nikaikumbatia ile sufuria, moto wake ukaniunguza kifuani, nikachukua mwiko.

Mara mbili. Kimya kidogo. Mara moja.

Mwanzo hakuna kitu. Halafu, nyuma ya jiko, kuni zikaanguka. Mlango wa stoo, uleule ambao Gatete aliufungua kwa mkono wake, ukasukumwa, na nyuma ya lundo wakaanza kutoka: watoto wa chekechea, peku, magome ya miti kwenye nywele, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja kidole mdomoni. Sano pia, ambaye baba yake anaapa kwamba hata usingizini hanyamazi. Walilia pale tu mama zao walipowanyakua. Gatete alipiga magoti akamkumbatia mwanawe. Jolly akaleta maziwa mbio, na nusu yakamwagika njiani, maana mikono yake ilikuwa haijapata habari kwamba mambo yamekwisha.

Belise alitoka wa mwisho. Alikuwa amechubuka bega kwa kuzivuta kuni. Hakunikimbilia. Alikuja taratibu, akanitazama uso, akanishika shingo upande huu na upande huu, kisha mkono uliokuwa na mwiko.

"Koko," akasema. Ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. "Ulikawia."

"Nilikuwa naogopa, mutoto wangu."

"Bote balijibu, we ukanyamaza." Midomo ikaanza kumtetemeka, yeye aliyewanyamazisha wenzake wote. "Mi nilizania leo ni we ulikuwa wa kwanza."

Watu waliokuwa karibu waliinama, hata wale ambao hawakumjua Hakizimana. Nikaketi chini kwenye vumbi, nikampakata pamoja na sufuria, sombe imetupaka sote wawili. Akalaza sikio lake kwenye ubavu wa sufuria.

"Gonga tena," akasema.

Nikagonga tena.