Nauli Hulipwa Gatini

Saa nane na dakika kumi mchana, udongo uliporomoka kutoka mlimani juu ya kijiji cha Pointe Michel ukaifunga barabara yote, kuanzia ukuta wa nyumba ya mwisho hadi baharini. Ferdilia Royer alifika hapo muda mfupi baadaye, akazima injini ya teksi yake.

Ng'ambo ya udongo ule, kijijini Scotts Head, abiria wake wawili walikuwa wakimsubiri: Bwana na Bibi Ramkissoon wa Trinidad, walioshuka asubuhi gatini Roseau kutoka kwenye meli ya watalii. Alikuwa amewapeleka ufukweni na kuahidi kuwarudia saa tisa. Hawakuwa wamemlipa hata senti. Ndivyo ilivyo kwa madereva wa gati la Roseau: nauli ya kwenda na kurudi hupatanwa kabla mlango wa gari haujafungwa, na hulipwa yote kwa pamoja abiria akisharudishwa gatini.

Meli ingepandisha ngazi saa kumi na nusu. Beji aliyovaa Ferdilia ilikuwa ya majaribio, na sharti lake lilikuwa moja: dereva ambaye abiria wake wataachwa na meli hurudisha beji jioni hiyo hiyo.

Alimpigia simu Mzee Cuffy, msimamizi wa foleni ya teksi gatini, akamweleza. Sauti ya dereva mwenzake, Octave, ilidakia kwa nyuma:

"Mwambie awaombe waogelee! Si walikuja kuoga baharini?"

Ferdilia akakata simu, akateremka ufukweni. Binamu yake Gervais alikuwa akikwangua rangi kwenye boti yake.

"Gervais, washa mashine. Scotts Head, halafu Roseau."

"Na petroli?"

"Nitakulipa."

"Lini?"

"Nikilipwa."

"Nawe unalipwa lini?"

"Wakikanyaga gati."

Gervais akacheka. "Kwa hiyo wao wana pesa, wewe una ahadi, mimi nina petroli. Mjinga hapo ni nani?"

"Ni wewe, ukibaki hapa. Dola mia moja."

"Mia na hamsini."

"Mia na ishirini, na nitamwambia mama yako ulinisaidia bila kunung'unika."

"Huo sasa ni uongo," alisema Gervais, lakini alikwisha kuanza kuisukuma boti majini.

Walipokaribia Scotts Head, Ferdilia aliwaona wawili hao kando ya barabara. Bwana Ramkissoon alikuwa akitembea huku na huku, kofia mkononi. Mkewe alikuwa amekaa juu ya ukuta mfupi, mkoba mapajani.

"Nilikwambia ametukimbia!" mume alikuwa akisema.

"Akimbie vipi, na pesa yake iko humu?" Bibi Ramkissoon aliupiga mkoba kofi. "Yule kijana wa pikapu aliyepita hapa akitaka kutubeba ndiye aliyetaka alipwe kwanza. Huyo ndiye angetuacha njiani."

"Bibi Ramkissoon!" Ferdilia aliita akiwa majini hadi magotini. "Samahani, nimechelewa."

Mume akatazama barabarani, kisha baharini. "Gari liko wapi?"

"Hili hapa, Bwana. Halina mlango, lakini leo ndilo linalopita."

"Panda, Ramkissoon," mkewe alisema, akivua viatu.

Nje ya ghuba mawimbi yaliwalowanisha wote. Bwana Ramkissoon aliikalia kofia yake isipeperushwe na upepo. Walipopita mkabala na Pointe Michel waliyaona maporomoko yale ya udongo, na teksi ya Ferdilia imeegeshwa mbele yake. Bwana Ramkissoon aliitazama teksi ile hadi ikapotea machoni.

Gatini Roseau madereva walikuwa wamejipanga ukingoni. Mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakafuata, honi zikalia. Octave ndiye aliyeidaka kamba ya boti.

"Royer," alisema, "sasa teksi yako tutaipanga foleni gani?"

"Mbele yako."

Bibi Ramkissoon alifungua mkoba, akatoa dola mia tatu na hamsini.

"Tulipatana mia mbili," Ferdilia alisema.

"Tulipatana gari. Hii ni boti. Chukua, mwanangu."

Ferdilia akachukua, akahesabu mia na ishirini, akampa Gervais papo hapo. Mzee Cuffy alimvua beji ya majaribio, akambandika nyingine, ya kudumu, yenye jina lake kamili.

Saa kumi na dakika ishirini na moja, Bwana na Bibi Ramkissoon walipanda ngazi ya meli.