Mashine Zisizo na Wachezaji

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Kama nadanganya, meno yangu ya bandia yanihame.

Binti wa dada yangu ana duka la vifaa vya umeme. Mashine mpya ya gemu ilipotoka, mzigo wake wote uliisha kabla hajamaliza kupangusa vumbi rafuni. Akafurahi mpaka akataka kuliweka duka rehani, aagize mzigo mara tano ya ule wa kwanza.

Mimi roho ilisita. Tangu nistaafu, kazi yangu ni kukaa karibu na kaunta na kutilia watu shaka. Nikamuuliza kama wanunuzi walichukua na gemu zenyewe. Hata mmoja. Na pedi ya pili, ya kuchezea na mwenzako? Hakuna. Hapo machale yakanicheza. Anunuaye jiko akaacha sufuria, huyo hana nia ya kupika.

“Mjomba, kilichouzwa kimeuzwa,” akasema. “Unataka nini tena?”

Nilitaka mhalifu. Mnunuzi mmoja aliporudi kuulizia nyingine, nikamfuata; mwembamba huyo, akigeuka ubavu unampoteza. Akaingia kwa kinyozi wangu. Nikachungulia dirishani: maboksi yamepangwa mpaka darini, hayajafunguliwa, na mteja ananyolewa akiwa amekalia moja. Nilirudi mbio, kivuli changu kikafika baadaye.

“Walanguzi,” nikamwambia mpwa wangu. “Wananunua wafiche, wauze ghali. Usiagize.”

Akaenda kujionea, nami nyuma yake, kifua mbele. Kinyozi hakuficha kitu. Alisema yeye na wateja wake walizigombania kwa sababu walisikia hazitatengenezwa tena: kiwanda kimezama ardhini na paa lake, wafanyakazi wanatoka kwa ngazi.

“Nani kawaambia?” mpwa wangu akauliza.

Kinyozi akaninyooshea wembe. “Mzee huyu. Alikuwa na povu usoni, wala hakucheka.”

Mpwa wangu akapiga simu palepale, akaghairi kuagiza. Mashine akakubali kuzipokea na kuwarudishia watu pesa zao, isipokuwa ile iliyokaliwa, maana ilikuwa imebonyea. Wote wakanigeukia.

“Kilizama kidogo tu,” nikasema.

“Na wewe utalipia hii iliyobonyea, bei yote, mjomba.”

Akakinga mkono. Nikatoa pochi.