Kiyoyozi cha Chumba cha Mama Mkwe

Tone la hamsini na tatu lilichelewa. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu hapa Bangwe, jicho moja kwenye mpira unaotoa maji ya kiyoyozi, jingine kwenye saa ya simu, daftari juu ya goti. Nusu saa ilikuwa imepita, na kopo nililolitega chini ya mpira halikuwa limelowa vizuri hata kitako.

"Mkwe wangu," sauti ilitoka dirishani, nyuma ya pazia. "Bado unahesabu?"

"Nahesabu, mama."

"Hesabu vizuri. Mimi huku natetemeka."

Mama Margareta, mama yake mke wangu Leonia, alikuja kwetu kutoka Ilagala mvua zilipoanza, akiwa na kikohozi. Daktari alisema chumba chake kikauke, kwa sababu ukungu wa ukutani ndio unaomchokoza kifua. Yona, mwanawe, alisema kikohozi kisipopungua atamrudisha Ilagala, na kesho yake, Jumamosi, alikuwa anakuja kumchukua. Kule angekaa peke yake, maana Yona mwenyewe hushinda ziwani wiki nzima. Mwaka jana mama alianguka uani, majirani wakamwona siku ya pili. Mimi sikutaka arudi. Ndiyo maana nilikuwa nahesabu matone: kila tone ni unyevu uliotoka chumbani mwake.

Kazi yangu ni kutengeneza taa za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi. Hakuna aliyenifundisha, nilifungua taa mbovu moja, nikasoma, nikafungua nyingine. Mtu aliyejifundisha kitu kimoja huamini amejifundisha vyote. Ilipofika zamu ya kuchagua kiyoyozi, sikumuuliza mtu. Nilisoma majuma matatu. Nikajua kwamba jambo la kwanza ni ukubwa wa chumba.

Hapo ndipo penye tabu, maana mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Kwetu hilo halijadiliwi. Kwa hiyo nilipima kwa nje. Nilivuta futi kamba kutoka kona hadi kona, nikatoa unene wa tofali, nikatoa na plasta, nikaandika jibu lenye desimali mbili. Kisha nikachagua kiyoyozi chenye nguvu ya kupoza ya BTU elfu ishirini na nne, nikijiambia kwamba unyevu mwingi unataka nguvu nyingi. Fundi Gervasi aliingia, akafunga, akaondoka. Nililala siku hiyo nikijiona mhandisi.

Sasa, nikiwa bado na kopo langu, Leonia alitoka chumbani kwa mama akazunguka nyumba, ameshika kile kidude changu cha kupimia hewa.

"Baba Agape, kinasema nyuzi kumi na tisa, unyevu asilimia themanini na mbili."

"Labda kimeharibika."

"Mama naye ana chake."

Mkono ulitokeza kwenye pazia ukiwa na dagaa mmoja. Mama Margareta ameuza dagaa miaka thelathini, na kando ya kitanda huweka wachache kwenye kisosi. Hewa ikiwa kavu, dagaa huvunjika. Leonia alimkunja huyo. Akakunjika mpaka kichwa kikabusu mkia.

"Ningekuwa mnunuzi, gunia hili nisingelichukua," mama alisema. "Mmeniwekea mvua ya baridi."

Nikampigia Gervasi. Alipofika alisimama chini ya dirisha akisikiliza. Mashine ya nje iliwaka, ikanguruma dakika nne, ikanyamaza. Akacheka.

"Kaka, hili dude linapoza chumba kabla halijakausha. Likizima, feni inapuliza maji yaleyale kurudi ndani. Kwa nini ulichukua kubwa hivi?"

"Chumba kina mita sita na nusu."

"Chumba kipi? Hiki?"

Leonia akanitazama kwa upole, na upole wake ndio uliniuma. "Ulipima na stoo?"

Stoo iko ukuta kwa ukuta na chumba cha mama, mlango wake uko jikoni. Niliijenga mwenyewe. Nilikuwa nimenunua kiyoyozi cha mgonjwa mmoja na magunia sita ya mahindi.

"Gervasi, wewe uliingia ukaona. Mbona hukusema?"

"Uliniambia umepiga hesabu mpaka sentimita. Nani abishane na sentimita?"

Nyuma ya pazia mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa. 

Kilipopungua, alitoka na kigoda chake akaketi barazani. "Mimi nimetoka," alisema. "Chumba kisicho na mama mkwe ni kuta nne tu. Ingia ukapime."

Nilivua ndala. Niliapa nisitazame kitu ila ukuta, na kwa kiapo hicho nikagonga muundi kwenye kitanda chake. Mita tatu na robo kwa mita tatu. Nyuma ya kabati ukungu ulikuwa umepanda hadi begani kwangu.

Chumbani kwetu kulikuwa na kiyoyozi kidogo cha BTU elfu tisa, ambacho siku zote nilikidharau kwa sababu hufanya kazi polepole kutwa, kikidondosha maji bila kupumzika. Safari hii niliuliza kwanza. Gervasi alisema hicho ndicho, na kile kikubwa kiende sebuleni. Leonia alikubali kulala na joto. Nikamuuliza na mgonjwa.

"Hakina haraka?" mama aliuliza.

"Hata kidogo."

"Ego," alikubali. "Kileteni."

Tulikiteremsha kile kikubwa. Tulipokwenda chumbani kwetu, Gervasi akakiwasha kile kidogo ili kwanza akusanye gesi kwenye mashine ya nje, na umeme ukakatika. Bila umeme gesi haikusanyiki, na bila hivyo bomba halifunguliwi. Chumba cha mama kikabaki na tundu ukutani na kibao cha kutundikia kiyoyozi kilichoshikwa na skrubu mbili kati ya nne.

"Kesho saa mbili, umeme ukiwepo," Gervasi alisema, akaacha ngazi yake.

Mama alimpigia Yona. "Kesho njoo. Hapana, boti ya kunirudisha usikodi. Njoo na drili. Shemeji yako alipima chumba changu pamoja na mahindi." Kicheko cha Yona kilisikika hadi kwa majirani. "Nipe wiki moja. Kifua kikikataa, nitasema mwenyewe."

Aliingia kulala chumba cha Agape, binti yetu. Mimi nilisokota gunia nikaziba tundu, kisha nikafungua daftari nianze hesabu ya sebule. Leonia akachukua futi kamba, akanipa ncha moja.

"Kwa ndani," alisema.

Tulipofika ukuta wa pili mwanga ukawa haba, namba hazisomeki. Tukaiacha futi kamba sakafuni palepale tulipoishia.