Gari Lilitangulia Kunywa

Hutaniamini, lakini naapa kwa hii simu iliyo mkononi mwangu: Jumamosi iliyopita gari la kaka yangu lilikunywa mbege ya posa, ile pombe yetu ya ndizi, kabla ya wazee. Lilikunywa kweli, na mimi ndiye niliyeshika mfuniko.

Ngoja nianze na gari lenyewe. Ni saluni nyeupe, mtumba wa Japani. Kaka yangu Mathew alilinunua mwaka jana, 2003, kwa jamaa mmoja wa Holili. Yule jamaa alikuwa ameliosha mpaka injini, linang'aa juu na chini, Mathew akaona amepata mtu msafi. Kumbe injini ikioshwa hivyo huoni inapovuja! Wiki ya kwanza tu, hapo nyumbani, mtaani kwetu Soweto, tukaamka na madoa mawili chini ya gari, moja jeusi la oili, moja la maji ya rejeta. Majirani wakalibatiza palepale: Machozi.

Fundi wetu ni Ezra, gereji yake iko mtaa wa nyuma. Ezra akibadilisha hosi paipu, maji yanahamia wota pampu. Akifunga wota pampu, sili ya mbele inaanza kumwaga oili. Akimaliza sili, hosi paipu nyingine inasema na mimi je?

"Mathew," Ezra alimwambia, "hili gari ukiliziba huku linatafuta pa kutokea kule. Niachie wiki mbili nilifungue lote."

"Funga hapo panapovuja, fundi. Jumamosi nina safari."

Kila mara Jumamosi ana safari! Na safari yenyewe ni moja tu: Kilema, kwa kina Flavia, kuposa.

Mara ya kwanza Machozi lilichemka tukiwa Himo, wazee wakasubiri mpaka wakachoka. Mara ya pili oili iliisha njiani, tukarudi tumevutwa kwa kamba. Ndipo babu yake Flavia, Mzee Sirili, anayeongea kwa niaba ya ukoo, akatuma neno: wazee wakikaa mara ya tatu wakamsubiri mtu asiyefika, huyo mtu asihangaike kuja tena. Shangazi Theopista akamsihi Mathew akodi pikapu. Mathew akasema aliwaambia wakwe atakuja na gari lake, basi atafika nalo.

Sasa sikiliza hapa, maana kosa lilianzia hapa. Kila tukisafiri tunabeba dumu la njano la maji kwenye buti. Posa nayo ilitaka madumu manne ya mbege, yamejaa, na shangazi alikuwa na matatu. Asubuhi nikamkuta anamwaga maji ya gari kwenye maua, anasuuza dumu, anajaza mbege.

"Shangazi, hilo ni la rejeta!"

"Lucky, tunapanda mlimani au tunakwenda jangwani? Ulishasikia wapi mlimani maji yamekosekana?"

Na mimi, mtoto wa mlimani, nikaona shangazi ana akili sana.

Tukaondoka. Flavia tulikubaliana naye mambo ya kubipu, maana vocha yake ilibaki ya meseji moja tu. Bipu moja, wazee wameketi. Mbili, wameanza kuulizana. Tatu, wameshika fimbo zao wanaondoka. Kwa hiyo simu nimeishika kama yai, macho kwenye simu, macho kwenye geji ya joto, simu, geji. Himo tukapita salama. Tulipoanza kupanda, sindano ya geji nayo ikaanza kupanda na sisi.

"Kaka, geji."

"Naiona."

"Kaka, imepita katikati."

"Lucky, nikikusikia tena unashuka!"

Kona moja mbele, mvuke pwaa! Hatuoni njia. Mathew akalisogeza pembeni, kushoto kahawa, kulia migomba. Simu ikalia mara moja ikakata. Wazee wameketi.

Injini ikapoapoa, Mathew akafungua kofia ya rejeta kwa kitambaa. Akachungulia. Pakavu. Hosi paipu ya chini imepasuka, maji yote yamebaki njiani. Akaifunga kwa mpira, akaikaza kwa waya, akanyoosha mkono: "Lete maji."

Mimi na shangazi tukatazamana.

 Shangazi akachukua kopo, akateremka kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia uliokuwa pembeni ya barabara. Akarudi na kopo tupu, lina tope kidogo. "Zamu ya watu wa juu," akasema kwa sauti ndogo. "Wameelekeza maji kwao, huku hayateremki mpaka jioni." Mimi nikakimbia nyumba ya karibu, hodi hodi, mlango una kufuli, bomba nalo limefungwa kwa kufuli, mbwa ananionyesha meno. Kwa mbali nikasikia watu wanaimba. Jumamosi, kijiji kizima kiko msibani. Nikarudi mbio. Shangazi akasema yeye atapanda juu akatafute, akaondoka na kopo lake na kitenge chake cha sherehe.

Tukabaki wawili. Na madumu manne.

Simu ikalia, ikakata. Ikalia tena, ikakata.

"Ngapi?" Mathew akauliza.

"Mbili."

Alitembea kulizunguka gari. Akazunguka tena. Halafu akafungua buti, akatoa dumu la nne.

"Kaka, hiyo ni ya wazee."

"Ni maji, Lucky. Ni maji na ndizi na ulezi. Shika mfuniko."

"Shangazi atatuua."

"Flavia akiolewa na mtu mwingine nitakuwa nimeshakufa tayari. Shika mfuniko!"

Nikashika. Akawasha injini, akamimina taratibu, glo glo glo, mbege inaingia kwenye rejeta huku inatoa povu. Nusu dumu. Akafunga. Harufu iliyotoka pale, aisee, kama mtu anapika pombe ndani ya gereji. "Shangazi akiuliza," Mathew akasema, "dumu lilianguka." Tukamkuta shangazi juu, tukampakia. Alinusa, akanitazama. Tukaingia Kilema bipu ya tatu haijalia.

Wazee walikuwa kwenye mabenchi, ndani ya kihamba, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Madumu yakapangwa mbele ya Mzee Sirili. Yeye hakuyaangalia madumu kwanza. Aliangalia gari. Kwa mbele, kwenye matundu ya rejeta, lilikuwa linadondosha kitu cha rangi ya udongo, kizito, kina punje punje za ulezi.

Ndipo akaja kwenye dumu la nne, akalinyanyua kidogo. Jepesi.

"Hili limepungua."

"Lilianguka, babu," Mathew akasema haraka.

Mzee Sirili akanigeukia mimi. Kati ya wote pale, mimi! "Wewe ndiye mdogo. Niambie, hii pombe ilimwagikia wapi?"

Simu ikatetemeka mkononi. Meseji ya Flavia, ametoka jikoni anatuchungulia: USISEME. Mathew ananitazama, jasho linamtoka. Shangazi anatazama viatu vyake. Na Machozi huku nyuma linaendelea, to, to, to.

Nikasema: "Haikumwagika, babu. Gari limeinywa."

 Kuku tu ndio walikuwa wanaongea. Mzee mmoja akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akakohoa. Mzee Sirili akainuka, akaenda mpaka kwenye gari, akagusa lile tone kwa kidole, akanusa.

"Kweli," akasema. "Limetangulia kunywa. Kabla yangu." Akarudi kukaa. "Mzigo nusu haupokelewi. Mrudi Jumamosi ijayo na madumu manne yamejaa. Na huyu mlevi wenu mumwache hukohuko. Kutoka Himo mje kwa miguu."

Hakukataa. Hakukubali pia.

Sasa leo ni Alhamisi. Shangazi amepika tena, mbege inachachuka, hasemi na mtu. Mathew hasemi na mimi tangu siku ile. Akitaka chumvi mezani anamwomba jirani. Niko hapa gereji kwa Ezra, gari limefunguliwa lote hatimaye, rejeta imejaa uji wa ulezi umekauka kama tofali. Ezra anacheka mpaka anakaa chini. Eti uji umeziba matundu yote, tangu Jumamosi ile jioni tone la maji halijavuja. Oili bado.

Flavia hajabipu hata mara moja. Kila dakika naangalia. Sijui kama ananuna yeye au babu yake amebadili mawazo, na keshokutwa tunapanda kutoka Himo na madumu manne vichwani bila kujua tutamkuta nani kwenye benchi.

Ningesema dumu lilianguka, labda saa hizi kaka yangu ana mchumba. Au labda yule mzee, aliyeshaliona tone, angetufukuza palepale. Wewe ungekuwa mimi, simu inakwambia usiseme na babu anakutazama, ungesemaje?